Maji meupe, meno ya kahawia: mlinganyo wa ayoni unavyotueleza kuhusu floridi

Chukua maji ya kisima au chemchemi kutoka baadhi ya vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, uyaweke kwenye glasi. Ni maangavu, hayana harufu, hayana tope, na ukifulia, sabuni inatoa povu haraka sana. Kwa macho huwezi kuyalaumu kwa lolote. Lakini baadhi ya maji hayo yana floridi nyingi kiasi kwamba watoto wanaokua wakiyanywa huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia. Na pale floridi inapozidi sana, mtu akiyanywa kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huathirika: maumivu, kukakamaa, na kwa wengine miguu kupinda. Mtu wa huko akihamia mkoa mwingine, anaulizwa kama kwao hawana miswaki. Mswaki wala hauhusiki.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kwenye Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupita Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania, kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa.

Sasa watu huuliza maswali matatu ya busara kabisa. Kwa nini tusiyachuje? Kwa nini tusiyachemshe? Na wale waliosoma kemia kidogo: kwa nini tusitie chokaa, si kalsiamu inaikamata floridi?

Majibu ya maswali yote matatu yamo kwenye mada ambayo wanafunzi wengi wa sekondari huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau asubuhi yake: mlinganyo halisi wa ayoni na kanuni za uyeyukaji. Twende polepole. Ukifika mwisho utakuwa umejua kuuandika mlinganyo huo bila kukariri, na utaelewa pia kwa nini chokaa peke yake haitoshi.

Kitu kikiyeyuka kinakwenda wapi?

Tia sukari kwenye maji, ikoroge, inapotea. Tia chumvi, nayo inapotea. Kwa macho ni jambo lile lile, lakini ndani ya maji ni mambo mawili tofauti.

Sukari inaachana molekuli moja moja, lakini kila molekuli inabaki nzima. Chumvi ya mezani haina molekuli. Ni ukuta uliojengwa kwa ayoni za sodiamu, Na⁺, na ayoni za kloridi, Cl⁻, zilizopangwa kwa zamu. Maji yakiingia, molekuli zake huzizunguka ayoni na kuzibandua kwenye ukuta moja baada ya nyingine. Ikishayeyuka, kwenye glasi huna tena "sodiamu kloridi". Una Na⁺ inayoogelea kivyake na Cl⁻ inayoogelea kivyake. Wala hazikumbuki zilikuja pamoja.

Shika hilo vizuri, maana mada nzima imesimama juu yake: chumvi iliyoyeyuka ni ayoni zilizoachana.

Hapo swali la kwanza limeshajibiwa. Ayoni ya floridi iliyoyeyuka ni ndogo mno, inapita kwenye kitambaa, kwenye mchanga na hata kwenye vichujio vya udongo wa kufinyanga vinavyozuia vijidudu. Unachuja kitu kigumu. Ayoni ikiwa imeyeyuka, huna cha kuchuja. Na kuchemsha? Maji yanaondoka kama mvuke, floridi inabaki kwenye sufuria. Ukichemsha sana unapunguza maji tu, na floridi inakuwa nzito zaidi kuliko mwanzo. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni jambo jema, lakini ayoni haina uhai wa kuutoa.

Kwa hiyo kuna njia moja ya msingi ya kuifikiria kazi hii: kuitoa floridi kwenye hali ya kuyeyuka na kuifunga kwenye kitu kigumu. Kitu kigumu kinachojitokeza ndani ya myeyusho tunakiita mashapo. Je, floridi itakubali kufungwa na nani?

Nani anayeyuka, nani hayeyuki

Kila ayoni inavutwa na pande mbili. Upande mmoja kuna ayoni yenye chaji ya kinyume, inayotaka zishikamane zijenge ukuta. Upande mwingine kuna maji, yanayotaka kuizunguka na kuibeba. Maji yakishinda, kitu kinayeyuka. Ukuta ukishinda, kinabaki kigumu. Kutokana na majaribio ya miaka mingi, wanakemia wana orodha fupi inayotosha kwa kazi nyingi:

1. Chumvi za sodiamu, potasiamu na amonia zinayeyuka, kwa mambo yote ya kawaida.
2. Nitreti zote zinayeyuka. Asetati karibu zote pia.
3. Kloridi, bromidi na iodidi zinayeyuka, isipokuwa za fedha, za risasi na za zebaki yenye chaji moja.
4. Salfeti zinayeyuka, isipokuwa za bariamu, strontiamu na risasi. Ya kalsiamu inayeyuka kidogo.
5. Kaboneti na fosfeti haziyeyuki, isipokuwa za wale wa kanuni ya kwanza.
6. Haidroksidi haziyeyuki, isipokuwa za sodiamu, potasiamu na bariamu. Ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, inayeyuka kidogo.
7. Floridi haifuati nyayo za kloridi. Floridi za kalsiamu, magnesiamu, strontiamu, bariamu na risasi haziyeyuki kirahisi. Floridi ya sodiamu inayeyuka, na hata ya fedha inayeyuka vizuri sana.

Kanuni ya saba huachwa kwenye orodha nyingi za shuleni, na sisi leo ndiyo tunayoihitaji kuliko zote. Ayoni ya floridi ni ndogo. Inasogea karibu kabisa na ayoni ya kalsiamu yenye chaji mbili, na ukuta wao unakuwa mgumu kubomoka.

Hatua nne za kuandika mlinganyo

Tuchukue kitu cha jikoni. Magadi, yale yanayotiwa kwenye makande na maharage yaive upesi, kwa sehemu kubwa ni kaboneti na baikaboneti za sodiamu. Kwa mfano wetu tutumie kaboneti peke yake. Tuseme unachanganya myeyusho wa kloridi ya kalsiamu na myeyusho wa kaboneti ya sodiamu. Maji yanageuka meupe kama maziwa. Kumetokea nini?

*Hatua ya kwanza: andika mlinganyo kamili, uusawazishe, na uweke hali ya kila kitu.* Alama ni zile zile unazozijua: (aq) kwa kilichoyeyuka kwenye maji, (s) kwa kigumu, (l) kwa kimiminika, (g) kwa gesi. Wanaowabadilishana wenza hapa ni kalsiamu na sodiamu. Kanuni ya 5 inasema kaboneti ya kalsiamu haiyeyuki, kanuni ya 1 inasema kloridi ya sodiamu inayeyuka.

CaCl₂(aq) + Na₂CO₃(aq) → CaCO₃(s) + 2NaCl(aq)

*Hatua ya pili: vunja kila chumvi yenye (aq) iwe ayoni zake.* Vigumu, gesi na maji yenyewe usiviguse.

Ca²⁺(aq) + 2Cl⁻(aq) + 2Na⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s) + 2Na⁺(aq) + 2Cl⁻(aq)

*Hatua ya tatu: futa kilicho sawa pande zote mbili.* Na⁺ mbili kushoto, mbili kulia. Cl⁻ mbili kushoto, mbili kulia. Zilikuwa zinaogelea kabla, zinaogelea baada. Hizi tunaziita ayoni watazamaji.

*Hatua ya nne: andika kilichobaki, kisha hakikisha atomu na chaji vinalingana.*

Ca²⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s)

Chaji: kushoto +2 na −2, jumla sifuri. Kulia sifuri. Umemaliza.

Ni kama harusi. Ukumbini kuna watu mia tatu, kuna mshereheshaji, kuna kamati, kuna mashangazi waliovaa sare. Lakini ukiulizwa nani wamefunga ndoa, unataja wawili. Wale wengine wapo kweli, wamekula pilau kweli, ila hawajaoana na mtu.

Sasa jaribu kitu. Badala ya kloridi ya kalsiamu tumia nitreti ya kalsiamu, na badala ya magadi tumia kaboneti ya potasiamu. Pita hatua zile nne. Utafika kwenye mlinganyo ule ule, herufi kwa herufi. Hii ndiyo faida yake. Mlinganyo kamili unaeleza chupa mbili ulizochanganya wewe. Mlinganyo halisi wa ayoni unaeleza tukio lenyewe, popote linapotokea: kwenye bomba la maabara, kwenye birika linaloota ukoko mweupe, au chini ya ardhi Bonde la Ufa.

Pale wengi wanapojikwaa

*Kuvunja ayoni yenyewe.* SO₄²⁻ ni kitu kimoja. CO₃²⁻ ni kitu kimoja. Usiitawanye salfeti kuwa salfa na oksijeni. Maji huachanisha ayoni na ayoni, hayavunji kilicho ndani ya ayoni.

*Kuvunja kigumu kwa sababu "kina ayoni".* Ni kweli CaCO₃ ina Ca²⁺ na CO₃²⁻ ndani yake. Lakini zimeshikana ukutani. Tunaandika hali zilivyo kwenye maji, hivyo kigumu kinabaki kizima.

*Kuvunja asidi dhaifu.* Unataka kuondoa ukoko wa birika. Ukitumia asidi ya haidrokloriki, ambayo ni kali na imeachana yote, mlinganyo ni huu:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + CO₂(g) + H₂O(l)

Ukitumia siki, asidi yake ya asetiki imebaki nzima kwa sehemu kubwa ndani ya maji. Kwa hiyo unaiandika nzima, ingawa ina alama ya (aq):

CaCO₃(s) + 2CH₃COOH(aq) → Ca²⁺(aq) + 2CH₃COO⁻(aq) + CO₂(g) + H₂O(l)

*Kulazimisha mlinganyo pasipo tukio.* Changanya myeyusho wa chumvi ya mezani na nitreti ya potasiamu. Kila unachoweza kuunda kinayeyuka. Ukifuta, pande zote zinabaki tupu. Jibu sahihi ni kwamba hakuna mmenyuko. Wanafunzi huogopa kuliandika jibu hili, wanadhani mtahini anataka kitu. Ukumbi umejaa wageni lakini hakuna aliyeoa, na hiyo nayo ni taarifa.

Turudi Meru: floridi ilifikaje kwenye maji?

Miamba ya volkano ya eneo hilo ina madini yenye floridi, na maji yanayopita humo huibeba. Lakini miamba yenye floridi iko sehemu nyingi duniani. Kinachofanya Bonde la Ufa liwe na shida kubwa ni aina ya maji yenyewe: yana sodiamu na baikaboneti nyingi, na kalsiamu kidogo.

Kalsiamu ilikwenda wapi? Tazama mlinganyo huu:

Ca²⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq) → CaCO₃(s) + CO₂(g) + H₂O(l)

Baikaboneti ikiwa nyingi, kalsiamu inashuka kama mashapo ya kaboneti na kubaki ardhini. Na ilikuwa kalsiamu hiyo hiyo ambayo ingeikamata floridi:

Ca²⁺(aq) + 2F⁻(aq) → CaF₂(s)

Kwa hiyo floridi inabaki imezungukwa na sodiamu, na kanuni ya 1 inatuambia sodiamu haimkamati mtu. Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni mwisho kabisa wa safari hii: maji yaliyopoteza kalsiamu, yakakaushwa na jua, yakabaki na magadi.

Sasa unaelewa lile povu la sabuni. Kwenye maji magumu, kalsiamu hujiunga na sabuni na kutengeneza utando usioyeyuka, ndiyo maana povu linachelewa. Maji yanayotoa povu haraka hayana kalsiamu nyingi, na kwenye ukanda wa volkano hiyo ni dalili ya kutia shaka. Usiifanye kipimo, tafadhali. Maji ya mvua nayo yanatoa povu zuri na floridi yake ni kidogo sana. Floridi inajulikana kwa kupimwa tu.

Na magadi ya kupikia? Watafiti wameshaonyesha kwamba baadhi ya magadi ya kaskazini mwa Tanzania yenyewe yana floridi nyingi. Kemia yake unaijua tayari: floridi ya sodiamu inayeyuka, basi inapita moja kwa moja kutoka kwenye magadi hadi kwenye mchuzi wa maharage.

Basi tutie chokaa?

Sasa tumefika kwenye swali lenye uzito. Tumeshaandika kwamba Ca²⁺ na F⁻ hushuka kama CaF₂. Kanuni inasema "haiyeyuki". Si tutie chokaa, tungoje, tuchuje, tunywe?

Hapa lazima tukiri siri ya kanuni za uyeyukaji. "Haiyeyuki" maana yake ni "inayeyuka kidogo kiasi cha kutojali". Shida ni kwamba floridi inadhuru kwa kiasi hicho hicho cha kutojali.

Kwa kila chumvi ya namna hii kuna namba inayoonyesha ukuta na maji vinapofika sare. Tunaiandika Ksp. Kwa floridi ya kalsiamu kwenye nyuzi 25 za Selsiasi:

Ksp = [Ca²⁺] × [F⁻]² = 3.45 × 10⁻¹¹

Mabano ya mraba ni moli kwa lita. Floridi ina kipeo cha pili kwa sababu kwenye mlinganyo ziko mbili. Tuseme kwenye lita moja ya maji matupu zinayeyuka moli s za CaF₂. Zitatoka s za kalsiamu na 2s za floridi:

s × (2s)² = 4s³ = 3.45 × 10⁻¹¹

s = 2.05 × 10⁻⁴

Floridi ni mara mbili yake, moli 4.1 × 10⁻⁴ kwa lita. Moli moja ya floridi ina gramu 19, kwa hiyo tuna gramu 0.0078, yaani miligramu 7.8 kwa lita.

Isome tena namba hiyo. Chumvi ambayo kitabu kinasema haiyeyuki inaweza kuacha ndani ya maji floridi iliyo zaidi ya mara tano ya kiwango cha 1.5. Kama kisima kina miligramu 20, kalsiamu ya kutosha kuoana na floridi yote itakushusha hadi karibu 8 na hapo itakwama. Maji yatakuwa maangavu, mashapo utayaona kwa macho yako, utaamini umefaulu, na mtoto bado ataota meno ya kahawia.

"Ongeza kalsiamu basi." Sawa, tujaribu. Kwa kuwa zao la hizo mbili halibadiliki, kalsiamu ikipanda floridi inashuka. Tunataka floridi ya miligramu 1.5, ambayo ni moli 7.9 × 10⁻⁵ kwa lita. Kipeo chake cha pili ni 6.2 × 10⁻⁹. Tukigawa, tunapata kalsiamu ya moli 0.0056 kwa lita, karibu miligramu 220. Hiyo si kalsiamu unayoitia; ni ile inayotakiwa *kubaki* ikiogelea baada ya mashapo yote kushuka.

Na haitabaki kirahisi. Maji yetu yana baikaboneti nyingi, na chokaa inaleta haidroksidi:

Ca²⁺(aq) + HCO₃⁻(aq) + OH⁻(aq) → CaCO₃(s) + H₂O(l)

Kaboneti inaipokonya floridi mchumba wake. Kalsiamu unayoitia inaliwa kwanza na baikaboneti. Ukizidisha chokaa hadi maji yashibe kabisa, floridi kwa hesabu inashuka chini ya 1.5, ila pH inafika karibu 12.4. Hayo si maji ya kunywa, hayo yanaunguza. Umeondoa ugonjwa mmoja ukaleta mwingine.

Watu walifanyaje?

Njia moja inachanganya chokaa na shabu. Ilibuniwa India na inaitwa Nalgonda, na imejaribiwa Afrika Mashariki pia. Shabu inaleta ayoni za aluminiamu, nazo kwenye maji yenye baikaboneti hufanya hivi:

Al³⁺(aq) + 3HCO₃⁻(aq) → Al(OH)₃(s) + 3CO₂(g)

Haidroksidi ya aluminiamu inajitokeza kama mabonge laini ya telatela, floridi inajishikiza juu yake, kisha vyote vinatua chini. Lakini angalia nani hayupo kwenye mlinganyo: salfeti iliyokuja na shabu. Ni mtazamaji. Mtazamaji umemfuta kwenye karatasi, hukumfuta kwenye ndoo. Yumo, na utamnywa. Mlinganyo halisi wa ayoni unakueleza nani amemenyuka. Haukuelezi nani amebaki ndani ya maji. Anayesafisha maji lazima aiandike milinganyo yote miwili.

Njia nyingine, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto mkoani Arusha, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa chengachenga na kujazwa kwenye ndoo au tangi. Maji yanapita katikati yake. Mfupa kwa sehemu kubwa ni madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoitwa haidroksiapataiti, na kinachotokea ni hiki:

Ca₅(PO₄)₃OH(s) + F⁻(aq) → Ca₅(PO₄)₃F(s) + OH⁻(aq)

Utazame vizuri. Kalsiamu haikulazimika kuyeyuka kwanza. Imebaki ukutani. Haidroksidi inatoka, floridi inakaa kwenye nafasi ile ile. Ukuta mpya unayeyuka kwa shida kuliko ule wa zamani, ndiyo maana floridi inakubali kukaa, na floridi inaweza kushuka hadi chini ya 1.5 bila kuyafanya maji yawe chokaa.

Mlinganyo huu pia unatoa onyo. Nafasi zina mwisho. Kwa hesabu, gramu 502 za haidroksiapataiti zingebeba gramu 19 za floridi, yaani miligramu 38 kwa kila gramu. Kwa vitendo ni miligramu chache tu, kwa sababu floridi inafikia nafasi za juu juu na si za ndani kabisa. Nafasi zikijaa, maji yanapita kama yalivyoingia, bado maangavu, bado matamu, na hakuna taa inayowaka kukuambia. Anayetumia kichujio cha mkaa wa mifupa lazima maji yake yapimwe kila baada ya muda na mkaa ubadilishwe. Mkaa wenyewe nao usichomwe ovyo: ukiungua kupita kiasi hadi kuwa mweupe, uwezo wake unapungua sana, na usipoungua vya kutosha unayapa maji harufu na ladha mbaya.

Jambo la mwisho kuhusu mlinganyo huo. Ganda la jino nalo ni haidroksiapataiti. Floridi kidogo ya dawa ya meno inafanya mmenyuko wa namna hiyo hiyo juu ya jino, na kulisaidia lihimili asidi. Floridi nyingi inayonywewa wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi inavuruga ujenzi wenyewe. Ayoni ni ile ile. Kinachotofautisha ni kiasi, na wakati.

Jaribu mwenyewe

Andika mlinganyo halisi wa ayoni, kisha angalia majibu chini:

a) Nitreti ya fedha na kloridi ya sodiamu.
b) Salfeti ya shaba na nitreti ya potasiamu.
c) Kloridi ya chuma yenye chaji tatu na haidroksidi ya sodiamu.
d) Myeyusho wa amonia na asidi ya haidrokloriki.

Majibu:

a) Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s), mashapo meupe.
b) Hakuna mmenyuko.
c) Fe³⁺(aq) + 3OH⁻(aq) → Fe(OH)₃(s), mashapo ya rangi ya kutu.
d) NH₃(aq) + H⁺(aq) → NH₄⁺(aq). Hapa hakuna mashapo, lakini kuna tukio. Amonia ni dhaifu, inaandikwa nzima.

Ukipata ya d bila kuchungulia, umeielewa mada. Na kama unaishi kwenye ukanda wa floridi, uliza mamlaka ya maji ya eneo lako kisima chenu kimepimwa lini na kilisoma ngapi. Wakati mnasubiri jibu, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuhifadhiwa safi wapeni kwanza watoto walio chini ya miaka minane, kwa kunywa na kwa uji. Meno yao ya kudumu ndiyo kwanza yanajengwa.